“Sista, mimi sisikii chochote, niko sawa”: uzi wa wenye kisukari na wanaowauguza

Sista wa Kliniki:
Hamjambo wote. Mimi ni muuguzi katika kliniki ya kisukari hapa Nairobi, na kazi yangu kubwa ni kukagua miguu ya wagonjwa. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya maneno ninayoambiwa karibu kila siku ya kliniki: “Sista, mimi sisikii chochote, niko sawa.” Anayeniambia hivyo sukari yake imesoma 15 (milimoli kwa lita) asubuhi kabla hajanywa chai. Amepanda matatu mwenyewe, amepiga foleni tangu alfajiri, hana kizunguzungu, hana homa. Na hadanganyi. Kweli hasikii chochote.

Naomba mnielewe hapa, maana mengine yote nitakayosema yanaanzia hapa. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa midogo ya damu, na mishipa hiyo midogo ndiyo inayolisha retina ya jicho, figo na neva za miguu. Mishipa mikubwa nayo huziba mapema kuliko kwa mtu mwingine, na hapo ndipo unasikia fulani amepata kiharusi au mshtuko wa moyo. Jicho linaweza kuwa linavuja damu kwa ndani na bado ukasoma gazeti vizuri. Figo zinaweza kupoteza zaidi ya nusu ya nguvu zake kabla miguu haijavimba. Na neva, ambazo kazi yake ni kukuambia kuna tatizo, ndizo zenyewe zinazokufa. Sasa utajuaje kwa kusikia?

Niwaeleze ninavyopima mguu. Nina kijiti chenye unywele wa nailoni ambao unapinda ukikandamizwa kwa nguvu ya gramu 10. Naugusisha kwanza kwenye mkono wa mgonjwa ili ajue unavyosikika. Kisha namwambia afumbe macho, aseme “ndiyo” kila nikimgusa. Nagusa kidole gumba cha mguu, kimya. Nagusa chini ya kidole cha tatu, kimya. Nahamia mguu wa pili, kimya. Baada ya muda anafumbua macho na kuniuliza, “Sista, umeanza?”

Mama mmoja alivua kiatu mbele yangu tukakuta kizibo cha soda ndani. Alikuwa amekikanyaga kutwa nzima. Soksi ilikuwa imelowa, akadhani ni jasho. Mguu wa aina hiyo ndio unaoishia kukatwa, kwa sababu kidonda kisichouma hakitibiwi mpaka kianze kunuka.

Kwa hiyo tunategemea vipimo. Kile cha tone la damu ya kidole mnakijua. Kuna kingine kinaitwa HbA1c, kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa sababu sukari hushikamana na himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni, na chembe nyekundu za damu huishi kama siku 120. Kipimo cha kidole ni salio lako la M-Pesa la sasa hivi. HbA1c ni taarifa ya miezi mitatu, pesa iliyoingia na iliyotoka. Nimeona watu wanakula vizuri siku tatu kabla ya kliniki, kidole kinasoma 7, HbA1c inasoma 11.

Kwa watu wazima wengi tunalenga HbA1c iwe chini ya asilimia 7, na kidole kabla ya kula kiwe kati ya 4.4 na 7.2, saa mbili baada ya kula kisizidi 10. Namba hizi hazikutoka hewani. Mwaka 1993 utafiti mkubwa wa Marekani na Kanada, DCCT, uliofuatilia watu 1,441 wenye kisukari cha aina ya kwanza (mwili hautengenezi insulini, homoni ya kushusha sukari), ulionyesha kwamba waliodhibiti sukari kwa makini walipunguza hatari ya jicho kuanza kuharibika kwa asilimia 76. Kwa aina ya pili (insulini ipo lakini haitoshi au haifanyi kazi vizuri), ambayo ndiyo ya wengi wetu, utafiti wa UKPDS wa Uingereza ulikuta kwamba kila asilimia moja ya HbA1c inayoshuka inaendana na madhara ya mishipa midogo kupungua kwa asilimia 37. Moja tu! Mtu aliyetoka 11 hadi 10 anakuja kwangu amekata tamaa kwa kuwa hajafika 7, nami namshika mkono nampongeza kwa dhati, maana ameshaokoa kitu.

Lakini kushusha mno nako kuna hatari. Mwaka 2008 utafiti wa ACCORD ulisimamisha sehemu yake ya kushusha sukari kwa nguvu hadi HbA1c iwe chini ya 6 kwa watu wenye hatari ya moyo, kwa sababu vifo viliongezeka kwenye kundi hilo. Kwa hiyo shosho wa miaka 80 anayeishi peke yake hawezi kupewa lengo moja na kijana wa miaka 35. Muulize daktari wako, “Lengo langu mimi ni ngapi?” na uliandike kwenye kitabu chako cha kliniki.

Kila mwaka, hata kama unajisikia vizuri kabisa: macho yapimwe kwa kuwekewa dawa ya kupanua mboni, mkojo upimwe protini, damu ipimwe kreatinini ili tujue figo, miguu iguswe kama nilivyoeleza, na kolesteroli iangaliwe. Presha ni kila ukija. Nasisitiza presha kwa sababu watu wanapigana na sukari peke yake, na presha ikiachwa inamaliza figo na macho yaleyale.

Ulizeni. Nitajibu nikitoka zamu.

Mama Shiru, Kayole:
Asante sana sista, Mungu akubariki. Namuuguza mama yangu, ana miaka 63, anatumia metformini. Jioni sukari yake iko 8, analala mapema, hali kitu usiku, asubuhi nampima inasoma 11. Inatoka wapi na hajala? Ndugu zangu wanamshuku anakula kwa siri, na imeleta kisirani nyumbani.

Sista wa Kliniki:
Mama Shiru, tafadhali mwondoleeni mama hiyo lawama leo leo. Inatoka kwenye ini. Kuanzia usiku wa manane hadi alfajiri mwili hutoa homoni za kumwandaa mtu kuamka, na ini likizipata humwaga sukari ambayo lilikuwa limeiweka akiba. Mtu asiye na kisukari hutoa insulini ya kutosha kuizuia. Mama hawezi. Ni jambo la kawaida sana, na metformini yenyewe kazi yake kubwa ni kulituliza ini hilo.

Usimnyime chakula cha jioni ukidhani utaishusha. Ale mapema, wanga kidogo, na atembee hata ndani ya ua baada ya kula. Andika vipimo vya asubuhi na vya kabla ya kulala kwa wiki moja, uende navyo kliniki, daktari ataona kama dozi inahitaji kubadilishwa. Na kabla ya kumpima, anawe mikono kwa maji na sabuni, ajikaushe. Mtu akimenya embe kisha apimwe, mashine inasoma embe.

Angekuwa anatumia insulini ningekuambia umpime pia saa tisa usiku angalau mara moja, kwa sababu wengine hushuka sana usingizini bila kujua, na hiyo ni hatari zaidi ya 11 ya asubuhi.

Mzee wa Kawangware:
Shikamoo hatuamkiani tena siku hizi, lakini nawasalimu. Mwanangu sista, mimi nimeambiwa niache ugali. Nimekula ugali tangu nizaliwe. Jirani ananiambia nile ugali wa wimbi na mtama, mwingine anasema nduma tu, mwingine niweke asali badala ya sukari kwenye chai. Mke wangu amechoka kupika sufuria mbili.

Sista wa Kliniki:
Shikamoo mzee wangu.

Huhitaji kuacha ugali, na mama hahitaji sufuria mbili. Kinachohesabika zaidi ni kiasi. Unga wa wimbi, wa mtama, wa mahindi uliosagwa na maganda yake kule posho mill, wote una nyuzinyuzi nyingi kuliko ule mweupe uliokobolewa, kwa hiyo hupandisha sukari polepole kidogo. Lakini bado ni wanga. Ukila mlima wa ugali wa wimbi, sukari itapanda mlima. Nduma na viazi vitamu ni hivyo hivyo: ni chakula kizuri, kipande kimoja au viwili, si sahani.

Chukua sahani moja ya kawaida. Nusu yake iwe sukuma wiki, managu, terere, kabeji, chochote cha kijani kisichoogelea kwenye mafuta. Robo iwe maharagwe, ndengu, omena, yai, samaki au nyama. Robo inayobaki ndiyo ya ugali, unaolingana na ngumi yako. Anza kula mboga na maharagwe, ugali uje mwisho. Mpangilio huo peke yake unapunguza jinsi sukari inavyoruka baada ya kula. Githeri pia ni rafiki yako ikiwa maharagwe ni mengi kuliko mahindi na haijachanganywa na viazi.

Asali ni sukari, mzee. Vivyo hivyo juisi ya matunda hata kama umeikamua mwenyewe. Kula chungwa zima. Na hebu tuangalie chai. Mgonjwa akiniambia amekata ugali lakini anakunywa vikombe vinne vya chai kwa siku, kila kimoja vijiko viwili, hivyo ni vijiko vinane, pamoja na mandazi mawili ya saa nne. Hapo ndipo nyumba nyingi za Nairobi zinaposhindwa, kwenye chai, na ndipo pa kuanzia. Punguza nusu kijiko kila wiki, ulimi unazoea.

Mzee wa Kawangware:
Marahaba binti. Hii ya ngumi nimeielewa. Mke wangu ameisoma pia na amefurahi.

Jamaa wa Githurai:
Sista unaongea vizuri lakini mbona hamtaki kuwaambia watu kuna dawa za miti shamba zinaponya kabisa? Nimeona mtu kwa macho yangu aliacha vidonge, akanywa dawa ya chupa kwa mwezi mmoja na sukari ikawa 5. Mahospitali yanataka watu wameze dawa maisha yote.

Binti wa Kibra:
Ndugu, baba yetu alikuwa wa aina ya kwanza, anatumia insulini, na alishawishiwa hivyo hivyo. Aliacha sindano. Siku ya tatu alianza kutapika, anapumua kwa nguvu kama aliyekimbia, pumzi yake inanuka kama matunda yaliyooza. Tulimfikisha hospitali hajitambui. Alirudi kwa neema ya Mungu. Sikuandikii haya kukukosea heshima, nakuandikia kwa sababu kuna mtoto wa mtu atasoma maneno yako.

Sista wa Kliniki:
Pole sana Binti wa Kibra, na asante kwa kueleza dalili hizo. Hali hiyo hutokea damu inapojaa asidi kwa kukosa insulini. Kutapika, maumivu ya tumbo, pumzi nzito, harufu ile: usingoje asubuhi, nenda hospitali usiku huo huo.

Ndugu wa Githurai, sikukatazi kuamini ulichokiona. Sukari ya yule mtu inaweza kuwa ilikuwa 5 kweli. Swali ni nini kiliifikisha hapo. Katika nchi mbalimbali dawa za chupa zinazoitwa za asili zimepelekwa maabara zikakutwa zimechanganywa na glibenklamidi, yaani dawa ileile ya hospitali ya kushusha sukari, bila kipimo. Mgonjwa anashuka sukari mpaka anazimia, na daktari hajui alimeza nini. Nyingine zinaumiza ini na figo. Ukitaka kutumia mti wowote, ulete kwenye mazungumzo na daktari wako, usiufiche, na usiache dawa zako.

Tena, ukweli ambao watu wengi hawajaambiwa ni kwamba aina ya pili inaweza kurudi nyuma. Utafiti wa DiRECT wa Uingereza, uliochapishwa mwisho wa 2017, ulifuatilia watu waliopunguza uzito kwa mpango mkali wa chakula chini ya uangalizi. Karibu nusu yao, asilimia 46, baada ya mwaka mmoja sukari ilikuwa chini ya kiwango cha kisukari bila dawa yoyote. Walikuwa na ugonjwa kwa muda usiozidi miaka sita, na hawakuwa wa insulini. Hatusemi wamepona, kwa sababu uzito ukirudi sukari hurudi nayo, na macho na miguu lazima viendelee kukaguliwa kila mwaka. Lakini mtu aliyegunduliwa mwaka huu akiwa na kitambi anapaswa kulijua jambo hili mapema, na halihitaji chupa ya mtu yeyote.

Dereva wa Jogoo Road:
Sista mimi ni dereva wa matatu. Natumia glibenklamidi na metformini. Kuna siku mchana, nikiwa nimeruka chakula kwa ajili ya trip, mikono ilianza kutetemeka, jasho la baridi, na taa za barabarani nikaziona mbili mbili. Konda aliniletea soda nikawa sawa. Nifanye nini isirudi? Na swali la pili ningependa kukuuliza kando.

Sista wa Kliniki:
Kaka, hiyo ni sukari kushuka, na ukiwa na watu nyuma yako ni jambo zito. Glibenklamidi husukuma kongosho kutoa insulini hata kama hujala. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya dawa hiyo ni: umeimeza, kula. Hakuna trip inayostahili kukufanya uruke chakula. Mwambie daktari wako wazi kwamba wewe ni dereva, kwa sababu kuna dawa nyingine ambazo haziwezi kukushusha hivyo, na huenda akakubadilishia.

Kabla ya kushika usukani, jipime. Ikiwa chini ya 5, kula kwanza. Ukianza kutetemeka barabarani, egesha, zima gari, toa ufunguo. Vijiko vitatu vya sukari kwenye maji, au nusu glasi ya soda ya kawaida. Ile isiyo na sukari haitakusaidia. Ngoja dakika 15, jipime tena, ikiwa bado chini ya 4 rudia. Ikishapanda kula kitu kinachokaa tumboni, na usiendeshe mpaka zipite kama dakika 45, maana akili hurudi nyuma ya sukari. Konda wako ajue yote haya. Akikukuta hujitambui asikumiminie chochote mdomoni, kitaingia kwenye mapafu, akukimbize hospitali. Na hata ukizinduka uende, kwa sababu glibenklamidi hukaa mwilini na inaweza kukushusha tena baada ya saa kadhaa.

Swali la kando ninalijua, kaka, wanaume huniuliza wakiwa wameshika kitasa cha mlango wanatoka. Nalijibu hapa kwa ajili ya wote. Nguvu za kiume hupungua kwa wenye kisukari kwa sababu ni damu na neva zilezile. Inatibika. Muhimu zaidi, inaweza kuwa ishara ya kwanza kwamba mishipa ya moyo nayo inaziba, kwa hiyo daktari akichunguza moyo wako asikushangaze. Usinunue unga wala vidonge vya kando ya barabara. Kwa mtu anayemeza dawa fulani za moyo, vinaweza kuangusha presha mpaka kumuua.

Ummu Eastleigh:
Assalamu alaikum. Mume wangu ana kisukari aina ya pili, Ramadhani iliyopita alifunga yote akaishia kulazwa. Mwaka huu anasema atafunga tena, na hataki kujipima mchana kwa sababu anaamini kutoka damu kunabatilisha saumu. Nimsaidieje bila kugombana?

Sista wa Kliniki:
Waalaikum salaam dada. Suala la dini msikilize sheikh wenu, lakini miongozo tunayotumia ya Ramadhani ilitazamwa pamoja na wanazuoni, nao wanakubali kwamba kujipima kwenye kidole hakuvunji saumu. Mwambie amwulize imamu wake mwenyewe. Wanaume husikia zaidi wakiambiwa msikitini.

Aende kliniki wiki sita hadi nane kabla ya mwezi kuandama. Kwa kuwa alilazwa mwaka jana, daktari anaweza kumwambia asifunge kabisa, kama tunavyowaambia wa aina ya kwanza wengi, wenye figo dhaifu, na wajawazito wanaotumia insulini. Akiruhusiwa, dozi zitapangwa upya, asizipange mwenyewe. Daku asiiruke na aicheleweshe iwezekanavyo. Kwenye futari, tende moja hadi tatu na maji, kisha chakula cha kawaida. Kaimati na sambusa za mafuta ndizo zinazompeleka 20 saa nne usiku. Na akipima akakuta chini ya 3.9 au juu ya 16.7, afungue saa hiyo hiyo, hata ikibaki nusu saa kufika magharibi.

Ummu Eastleigh:
Jazakillahu khair. Mgonjwa Allah amemruhusu kwenye Qurani yenyewe, nitaanzia hapo na imamu atamalizia.

Muuza viatu, Gikomba:
Mimi nauza viatu vya mitumba. Nimesoma ile habari ya kizibo cha soda nikaingiwa na huzuni kwa sababu wateja wangu wengi ni wazee. Mtu wa kisukari nimchagulie kiatu gani?

Sista wa Kliniki:
Ndugu yangu, umenifurahisha kuliko unavyojua. Nitakujibu kwa urefu kwa kuwa wewe utaona miguu mingi kabla yangu.

Aje kununua mchana kuelekea jioni, kwa sababu mguu huvimba kidogo kadiri siku inavyokwenda. Kiatu kinachomtosha asubuhi kitambana jioni. Apime miguu yote miwili, akiwa amesimama. Usimwulize kama kinabana, maana huenda hasikii. Mwambie asimame juu ya karatasi, chora mguu wake kwa kalamu, kata, uingize karatasi hiyo ndani ya kiatu. Ikikunjika pembeni, kiatu ni kidogo, hata akikuambia kiko sawa. Mbele kibaki na nafasi ya upana wa kidole. Chagua chenye sehemu ya vidole iliyo pana na ndefu kwenda juu, soli nene, na kamba au mkanda wa kurekebisha. Raba nzuri za kukimbilia zinafaa sana. Viatu vilivyochongoka mbele na malapa ya kushika katikati ya vidole, mkatalie.

Kisha ingiza mkono wako ndani upapase pote: msumari uliotokeza, mshono mgumu, gundi iliyokauka. Ndivyo kila mgonjwa anavyopaswa kufanya kila asubuhi kabla ya kuvaa. Kiatu kipya akivae saa moja au mbili tu siku za kwanza, avue, atazame kama kuna wekundu.

Wengine wote: kagueni miguu kila usiku, na kati ya vidole. Asiyeweza kuinama atumie kioo au mtoto wake. Maji ya kuoga pimeni kwa kiwiko, si kwa mguu. Msiweke miguu karibu na jiko wakati wa baridi ya Julai. Nimefunga majeraha ya moto ambayo mwenyewe hakujua ameungua. Kucha zikatwe kwa mstari ulionyooka, zisichimbwe pembeni, na sugu zisikatwe kwa wembe. Kidonda chochote, kiwe kidogo namna gani, kifike kliniki siku hiyo au kesho yake.

Miguu ikiwaka moto usiku, hiyo ni neva, na kuna dawa zake maalumu. Msinunue diklofenaki, ile dawa ya maumivu, kemisti kila wiki kwa ajili hiyo. Haisaidii neva, na inaumiza figo ambazo tayari ziko hatarini. Ukiwa umetumia metformini miaka mingi, omba upimwe vitamini B12 pia, kwa sababu dawa hiyo inaweza kuipunguza na ganzi yake inafanana na hii.

Kijana wa Mukuru:
Mimi nina 24, aina ya kwanza, insulini mara mbili kwa siku. Sina friji. Vijikaratasi vya mashine ni ghali, sitaweza kupima mara nne kwa siku kama tunavyoambiwa kliniki. Wakati mwingine naona maneno haya yote ni ya watu wa pesa.

Sista wa Kliniki:
Mdogo wangu, malalamiko yako ni ya haki na sitayafunika kwa maneno matamu. Mtu wa aina ya kwanza anahitaji kupima mara nyingi, na bei isingepaswa kuwa kizuizi. Uliza kliniki yako kama kuna mpango wa msaada kwa vijana wa aina ya kwanza, kwa sababu kuna hospitali za umma zenye mipango ya insulini na vijikaratasi, na wengi hawajui mpaka waulize. Jisajili SHA, bima ya afya ya serikali, kama bado, halafu uulize dawati lao hospitalini ni vipimo gani unavyostahili. Usikubali kuambiwa na jirani.

Vikiwa vichache, vitumie kwa akili. Vya lazima ni unapojisikia vibaya, unapougua, na kabla ya kulala. Vinavyobaki, chagua mlo mmoja kwa wiki: pima kabla ya kula na saa mbili baada ya kuanza kula. Wiki hii kifungua kinywa, wiki ijayo chakula cha mchana. Baada ya mwezi utajua mwili wako unavyokipokea kila chakula. Ukiugua hata kama huli, usiache insulini kabisa.

Insulini unayoitumia inaweza kukaa bila friji kwa takriban wiki nne ikiwa mahali pa baridi, mbali na dirisha na jiko. Chini ya bati la Mukuru joto ni kali, kwa hiyo tafuta vyungu viwili vya udongo, kimoja kidogo ndani ya kingine, weka mchanga katikati, umwagie maji asubuhi na jioni. Chupa iwe ndani ya mfuko usioingia maji, kitambaa chenye unyevu juu. Andika kwenye chupa tarehe uliyoifungua. Ikiwa na mabonge yasiyoyeyuka ukiizungusha taratibu viganjani, itupe. Zile ambazo hujafungua, muombe mtu mwenye friji akuwekee, mbali na barafu, ikiganda imeharibika.

Na ukikohoa zaidi ya wiki mbili, pimwa TB. Kisukari kinaongeza hatari yake mara mbili hadi tatu, na nyumba zetu zimebanana.

Kijana wa Mukuru:
Ya vyungu sikuijua. Kuna mama anauza pale sokoni, naenda kesho. Asante.

Mama Shiru, Kayole:
Sista, kipimo cha HbA1c cha mama kilisoma 6.2 lakini kidole kila siku ni 10, 11. Kipi kinadanganya?

Sista wa Kliniki:
Swali zuri sana. Mara nyingi hapo hudanganya HbA1c. Akiwa na chembechembe za selimundu, hata kama amezirithi kwa mzazi mmoja tu na haumwi, au akiwa amepoteza damu, au amepewa damu karibuni, kipimo hicho kinaweza kusoma chini ya ukweli. Upungufu wa madini ya chuma unaweza kukifanya kisome juu. Mwambie daktari tofauti hiyo waziwazi, apimwe himoglobini, na kwa sasa mfuate vipimo vya kidole.

Dereva wa Jogoo Road:
Sista nimebadilishiwa dawa na nimepewa siku ya kupimwa macho. Naweza kupita katikati ya trip, nipimwe haraka nirudi kazini?

Sista wa Kliniki:
Hapana kaka. Ile dawa ya kupanua mboni itakuacha unaona ukungu kwa saa kadhaa na mwanga utakuumiza. Mwachie mwenzako gari siku hiyo nzima. Nenda na mtu wa kukushika mkono, beba kofia au miwani ya jua, na kitabu chako cha kliniki. Kabla hujatoka muulize daktari wa macho vitu viwili: retina ikoje kwa jicho la kulia na la kushoto, na urudi lini. Akisema imeanza kuharibika usiogope kurudi. Tiba ya miale ya leza na sindano za jicho zinazuia upofu zikitolewa mapema. Aandike, kisha ulete nakala kwetu.